Sindano Aliyochomwa Evodi Kasimiri

Baba Padre, viongozi wa mtaa, majirani na nyie nyote mliokaa na sisi tangu juzi, mimi ni Specioza Kasimiri, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma historia yake, nami nitaisoma yote, hata pale wazee waliponiambia niruke.

Marehemu Evodi Kasimiri alizaliwa Kapalamsenga tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1976, kisha akaingia kwenye uvuvi wa samaki wa Ziwa Tanganyika, migebuka na dagaa. Mwaka 1988 alihamia Mpanda, akafungua meza ya dagaa sokoni Kashaulili, na meza hiyo ndiyo iliyotusomesha wengi wetu. Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na wifi yangu Monika, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Bibiana, na jamani, kaka alikuwa mtani, hata mteja aliyekuja amenuna aliondoka anacheka na dagaa kanunua.

Mwaka 2022 alikutwa na presha, akapewa vidonge, akawa anameza vizuri. Daktari alimweleza kwamba kuta za mishipa ya damu zina misuli laini, na seli za misuli hiyo huzeeka kama sisi, kila zinapogawanyika ncha za vinasaba vyake hufupika, mwisho zinachoka na mshipa unakakamaa. Hapo ndipo alipoingia Amedeus, aliyesoma naye darasa moja, akadai ana dawa ya sindano ya kurefusha hizo ncha, mishipa irudi ya kijana, vidonge aachane navyo. Daktari anasema jambo hilo wataalamu bado wanalichunguza maabara, dawa ya kuuzwa mtaani haipo. Sasa Amedeus aliipata wapi? Kwanza alisema Dar, jana akasema Kigoma, na njia ya mwongo ni fupi.

Tarehe 23 Agosti 2025 kaka alichomwa sindano hiyo sebuleni kwake, na wifi Monika akachomwa ya chupa ileile, maana walitaka ujana wao urudi pamoja. Kaka akaacha vidonge. Tarehe 6 Septemba kichwa kilimuuma vibaya, tukamkimbiza hospitali, na Jumanne tarehe 9, alfajiri, akatutoka. Daktari anasema huenda ni presha iliyokosa vidonge, huenda ni kilichokuwa kwenye chupa, hajui, na Monika, ambaye sasa naye anaumwa, hawezi kumtibu kwa kubahatisha bila kuipima dawa yenyewe. Amedeus anasema dawa iliisha. Bibiana aliiona kwa macho yake, ilibaki nusu, ikarudishwa kwenye barafu aliyokuja nayo Amedeus. Amedeus, nakuona hapo karibu na geti, sisemi umeua, Mungu ndiye anajua, ila mtu asiye na la kuficha hafichi chupa. Roho inaniuma, sitanyamaza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana naye, majirani wa Kashaulili kwa turubai, maji na kuni, na wafanyabiashara wenzake waliofunga meza zao wakaja kulia nasi. Ng'ombe aliyeletwa na Amedeus bado amefungwa kule nyuma, ndiyo maana mmekula maharage, mtuwie radhi, atachinjwa siku chupa hiyo itakapofika kwa daktari, na pikipiki ya kuifuata iko tayari hapo nje.

Kaka Evodi, pumzika kwa amani, mkeo hatumruhusu akufuate.