Kitanda cha Nne, Karibu na Dirisha

Kijiwe chetu kiko Kimanga, hapa Uvira, uso kwa uso na lango la maternite, hospitali ya wazazi. Ni benchi moja refu, mbabula moja ya makaa ya Mama Claudette wa kahawa, na cherehani yangu chini ya baraza. Jina langu ni Bonaventure, ila hapa naitwa Sindano. Kwa miaka ishirini nimesikia vilio vya watoto wachanga kutoka upande ule na uongo wa wanaume kutoka upande huu, na sioni aibu kusema kwamba vilio vina maana zaidi. Ijumaa moja kahawa ilianza kunywewa mapema, kwa sababu Fabiola alikuwa ndani na juri yake. Fabiola ni mtoto wa Herménégilde seremala, kwa hiyo ni mtoto wa kijiwe kizima. Amesomea kazi ya kupanga ndani ya nyumba, na miezi mitatu ya staji, mafunzo ya kazini, aliifanyia kwenye atelye, yaani karakana, ya Madamu Apolline. Wenzake walipewa hoteli na sebule za wakubwa. Yeye alipewa sale, yaani wodi, ya wazazi, vitanda vinane na kuta zilizobanduka rangi, maana hakuna mwingine aliyeitaka. Sasa walimu wake wanne walikuwa humo wakikagua. Akipita, amemaliza shule. Asipopita, anarudia mwaka mzima.

Herménégilde tunamwita Raboti, yaani randa, kwa sababu hakuna neno la mtu analoliacha bila kulipunguza. Asubuhi hiyo hakumpunguza mtu. Alikaa na penseli sikioni, macho langoni.

— Weye Raboti, kunywa kahawa, iko inapoa, akasema Mama Claudette.

— Sina kiu.

— Kiu hana, woga njo iko nayo, akasema Toussaint. Huyo ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki. Tunamwita Turbo, ingawa pikipiki yake hupanda mlima kwa kusukumwa.

— Minye, woga? Mutoto wangu atapita. Nasema mbele yenu bote, atapita.

— Miezi tatu ya nyuma haukusema vile, akasema Mama Claudette, bila kugeuka kutoka kwenye mbabula.

Ni kweli, hakusema vile. Miezi mitatu nyuma alisimama palepale akatangaza kwamba kupanga makochi hakuna shule yake, na kwamba fundi ni mtu mwenye sugu mikononi, si mtu mwenye karatasi. Fabiola akamletea mchoro wa ubao mpana, wa chini, wenye magurudumu madogo. Mchana unaingia chini ya kitanda cha mgonjwa na kubeba mkeka, beseni na thamosi. Usiku unavutwa nje, garde-malade analala juu yake. Garde-malade ni yule ndugu anayekaa hospitali kumtunza mgonjwa, na huku kwetu karibu kila mara ni mama au mama mkwe. Raboti aliutazama mchoro kichwa chini miguu juu, akasema hospitali si depo. Basi binti akaenda kwa Libérat wa Mulongwe, seremala ambaye babake hamsalimu tangu walipogombania kazi ya viti vya parokia.

— Uniache, Mama Claudette. Ile siku nilikuwa na homa.

— Homa ya mudomo, nikasema.

— Weye Sindano nyamaza. Haukumulilia huyu mutoto juu ya mapazia?

Nilimlilia, ndiyo. Aliniletea vitambaa vya pazia za kutenganisha vitanda. Nikashona mpaka chini, kama inavyotakiwa. Akarudi nazo: «Tonton, ikate, iishie hapa,» akanionyesha goti. Nikakata, nikinung'unika. Akarudi tena, bado ndefu. Nilimwambia pazia za namna hiyo zitafanya watu waulize fundi alikuwa amelewa nini. Akacheka tu, akasubiri nimalize. Ana subira ya mama yake, si ya baba yake.

— Mwalimu wake naye alimukatalia, akasema Ildephonse. Huyu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tunamwita Préfet, cheo ambacho hakuwahi kukipata popote ila hapa kwenye benchi. — Alimwambia hospitali si gesti. Fabiola akarudisha plani ileile mara ya pili. Akarudisha mara ya tatu. Na kupima alianzia kitanda ya ine, kule kwa dirisha. Bo banafundishwa kuanzia mulangoni! Mwalimu alimuuliza juu ya nini, akajibu: «Pale njo panaanziaka.» Ni jibu gani ile?

— Ni jibu ya kuanguka, akasema Turbo polepole.

Raboti aliondoa penseli sikioni, akairudisha.

Lango likafunguka. Alitoka Madamu Apolline, mwanamke mnene wa mwendo wa taratibu, na siku hiyo alikuwa karibu kukimbia. Alisimama katikati ya barabara, pikipiki mbili zikamzunguka zikipiga honi, akainua mikono yote miwili.

— Kumi na saba! Kumi na saba kwa makumi mbili! Fabiola amepita!

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Mama Claudette alipiga vigelegele mpaka madirisha ya jirani yakafunguliwa. Raboti alijimwagia kahawa kwenye goti na hakusikia. Mimi nilifurahi, nikainama chini ya cherehani nikijifanya natafuta uzi, kwa sababu mwanaume wa umri wangu halii mbele ya Turbo.

Tulipopata pumzi, ubishi ukaanza. Ulihusu jambo moja tu, akili ile ilitoka kwa nani.

— Kwangu, akasema Turbo. Nani alimubeba kila asubui miezi tatu? Kila shimo ya hii barabara aliisikia mu mugongo. Njo maana anajua namna muntu anaumia akilala pagumu. Bila pikipiki yangu hakuna staji.

— Bila pikipiki yako angefika mapema, akasema Préfet. Sikilizeni. Urefu mara upana. Nani alimufundishaka ile, mu mwaka ya tano? Ni minye.

— Hata minye ulinifundishaka, akasema Turbo.

— Weye ulikuwa unalala. Fabiola nilimupatia tisa kwa kumi. Ile pointi moja nilimunyima makusudi, akae na njaa. Njaa ile ameibeba miaka yote, na leo mumeona namna amekula.

— Na mapazia? nikauliza. Juri iliingia ikaona nini kwanza? Mapazia. Kumi na saba ile, tano ni za cherehani hii.

— Mapazia yenye ulikataa kukata! akasema Mama Claudette.

— Nilikataa ili aonyeshe msimamo. Nilikuwa namjaribu.

Raboti aliinua mkono kutunyamazisha. Alikuwa amekaa kama mtu anayepigwa picha.

— Munapoteza wakati. Ni damu. Huyu mutoto, akiwa wa miezi mbili, nilikuwa nikimulalisha ndani ya kabati yenye sijaweka mulango. Nilitandika maranda ya mbao, nikaweka na kanga juu. Miezi sita! Batu bote banaonaka kabati kwa inje. Yeye alianzia ndani. Mu Uvira yote hakuna muntu mwingine amesoma ndani ya nyumba akiwa na miezi mbili.

— Ile ni kweli? akauliza Turbo.

— Kabati yenyewe ingaliko.

Hapo tukaacha kabisa ardhi. Préfet alisema atelye moja haimtoshi, ataitwa na gavana. Turbo akasema gavana ni mdogo, ataitwa Kinshasa kwenye bunge, kwa sababu wabunge wanasinzia kwa vile viti vimepangwa vibaya, na Fabiola akivigeuza vitazame dirisha nchi itatengenea katika wiki moja. Mimi nikaongeza ndege, maana nimesikia mle ndani magoti ya mtu yanagusa mdomo wake. Préfet akaona tunampita, akanywa funda moja, akageukia upande wa maji.

— Na ziwa, je? Kila mwaka Tanganyika inaingiaka mu manyumba ya batu. Juu ya nini? Haikupangwa. Mupatieni ule mutoto mètre yake ya kupimia na wiki tatu. Atasukuma Bujumbura kidogo kule, maji ipate pahali pa kukaa.

— Burundi itakubali? akauliza Turbo.

— Itaonyeshwa plani.

Raboti alikuwa anatikisa kichwa kama kila neno ni haki yake.

— Na sasa niwaambie siri, akasema. Ule ubao wa chini, wazo ni yangu. Nilimuachia kidogo kidogo, pale nyumbani. Libérat aliweka tu misumari.

Mama Claudette alisonya. Sijawahi kusikia msonyo mrefu kama ule.

Wakati huohuo mama mmoja mzee alivuka kutoka langoni, kanga mbili, thamosi mkononi. Hatukuwahi kumwona. Alitusalimia mmoja mmoja, kama wanavyofanya watu wa vijijini, akamwomba Mama Claudette kahawa.

— Jambo sana mama, akasema Préfet. Umelalaka?

— Nimelala, baba zangu! Nimelala kweli! Aliweka thamosi chini ili aseme vizuri. — Minye natoka Runingu. Mutoto wangu amezaa, leo ni siku ya tatu, mutoto mwanaume. Nilikuya na mukeka yangu nikijua nitalala mu koridori, namna inasemwaka. Kumbe banavuta kitanda toka chini ya kitanda! Nililala mukono yangu ikiwa juu ya mutoto wangu. Ile pazia ni fupi, upepo inapita chini, haikunifunga pumzi. Na beseni yangu iko na nyumba yake. Ata kwangu Runingu beseni yangu haina nyumba.

Kwa hiyo pazia ni fupi ili mtu aliyelala chini apate hewa. Miezi mitatu nilikuwa nimeshika kitambaa kile mkononi, wala sikuuliza.

— Ni mutoto wangu alifanya ile, akasema Raboti. Safari hii hakuna aliyemcheka. — Leo amemaliza. Amepata kumi na saba.

— Mungu amubariki, na tumbo yenye ilimubeba. Mama yule alitutazama sote, kwa heshima kabisa. — Niulize kitu moja tu, minye sijue mambo ya mujini. Mbele ya hii kitanda kuletwa, bamama balikuwa banalalaka wapi?



Turbo alitazama gurudumu lake. Ana watoto wawili, wote walizaliwa mle. Préfet ana watano. Mimi nina wanne, na kila mara mama mkwe wangu ndiye aliyekaa na mke wangu. Nilikuwa nampelekea chakula mpaka langoni, narudi hapa kunywa kahawa. Akitoka alikuwa anashika kiuno, nami nikasema ni uzee.

— Kulikuwa pahali, akasema Préfet.

— Pahali wapi, baba?

— Mule ndani.

Mama hakuwa anatushtaki. Alitaka kujua tu. Akamgeukia Raboti.

— Weye baba yake, unajua. Siku huyu fundi alizaliwa, nani alilala na mama yake?

— Mama mukwe yangu. Siku tatu.

— Wapi?

Raboti alitazama mikono yake yenye sugu, akaiweka magotini.

Hivyo ndivyo Fabiola alivyotukuta. Alivuka barabara na michoro yake imeviringishwa kwapani, rangi nyeupe kwenye kiwiko, uso unang'aa. Alipoona tunatazama chini, mng'ao ukapungua.

— Papa, hawakuwaambia? Nimepita.

— Balituambia.

— Sasa juu ya nini munanuna?

— Fabiola. Koko yako, mama ya mama yako, siku ulizaliwa, alilala wapi?

Alimtazama babake, kisha yule mama wa Runingu, kisha thamosi. Akaelewa.

— Chini, kwa simenti, Papa. Hapo kitanda ya ine, karibu na dirisha. Alinionyeshaka mwaka jana, mbele ya kufa. Kitanda na ukuta vilikuwa karibu sana, akalala amekunja magoti siku tatu. Mvua ilikuwa inaingia, akaninyanyulia beseni juu ya kichwa. Nilipima pale kwanza, urefu wa koko akiwa amenyoosha miguu. Bile bingine bilifuata.

Raboti alisimama. Nilidhani atasema neno la kujikinga, namjua. Alifuta kahawa gotini kwa kiganja, akavuta shati lake likae sawa.

— Fundi, akasema. Unionyeshe kazi yako.

Ni mara ya kwanza nilisikia anamwita mtu mwingine jina hilo. Fabiola alikaza midomo, lakini machozi yalishuka tu, na hakuyafuta.

— Tupite, Papa. Ni saa ya kutembelea bagonjwa.

— Weye pita mbele. Na Libérat nitamusalimia kesho.

Akavuka nyuma yake, kofia mkononi. Mama Claudette alichukua birika, akamimina yote iliyobaki ndani ya thamosi ya mama wa Runingu, mpaka tone la mwisho. Turbo aliinua kikombe chake kitupu.

— Na shiye?

— Kahawa imeisha.

Nilikunja kitambaa nilichokuwa nashona, nikafunika cherehani ingawa saa nne haikuwa imefika. Mama mkwe wangu bado yuko hai. Anakaa Kasenga.

— Turbo, nikasema, washa pikipiki. Unipeleke Kasenga.