Breki za Mzee Nassibu Hazikuwa na Kosa

Tarehe 30 Juni, Mzee Nassibu Abdalah, dereva na fundi wa magari wa ghala letu la mpunga na ufuta hapa Kibiti, anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila mtanisamehe, maana nimeshika kalamu nikiwa na hasira na bado sijapoa.

Alianza kama mpakiaji wa magunia Ikwiriri, enzi za marehemu Mzee Gulamrasul, baba wa meneja wetu wa sasa, Bwana Sajjad. Siku moja lori liligoma, dereva akaenda kutafuta fundi. Aliporudi alikuta injini inanguruma na Nassibu amekaa pembeni anafuta mikono. Tangu hapo hakubeba gunia tena. Amewafundisha udereva nusu ya watu wa ghala hili, nikiwemo mimi, Yasmini wa mizani, na hajawahi kumpandishia mtu sauti. Hilo nalo linaniudhi, kwa sababu wapo waliostahili.

Ghala halina gereji, wala halijawahi kuwa nayo. Kwa hiyo breki za nyuma za pikapu yetu, zile za ngoma, yaani zilizofunikwa na bakuli la chuma linalozunguka na tairi, Mzee alizibadilisha nyumbani kwake, Jumapili, kwenye kibanda cha makuti ambamo mkewe, Bi Sikudhani, hutwangia. Nimeshuhudia mara nyingi. Kwanza anaweka magogo kwenye tairi za mbele, ndipo jeki. Na chini ya chesisi anaongeza kinu kikuukuu cha mkewe, kwa sababu jeki, anasema, si ndugu yako. Anagongagonga ngoma mpaka inaachia, anaosha vumbi kwa maji ya sabuni badala ya kulipuliza, na springi zote anazipanga kwenye sinia la ubwabwa. Hafungui pande mbili kwa pamoja hata umbembeleze. Upande mmoja unabaki mzima, ili ukisahau springi ipi inakaa wapi, uende ukauchungulie. Viatu vipya vya breki havigusi kwa mkono wenye grisi. Ananawa kwanza kama aliyekaribishwa chakula. Bi Sikudhani amelalamikia sinia lake miaka yote, na miaka yote amelitoa.

Kanuni yake moja kila dereva anaijua. Ukitoka kwenye tope la chumvi kule delta, mto unakoingilia baharini, usivute breki ya mkono ukaliacha gari lilale hivyo. Viatu vitashikana na ngoma kwa kutu, na asubuhi tairi hazizunguki. Liache kwenye gia, weka gogo nyuma ya tairi. Gogo lenyewe alilichonga kutoka kwenye boriti kuukuu ya mkoko, akalipigilia bati upande wa tairi, likawa linakaa nyuma ya kiti.

Sasa nifike kwenye kinachonikereketa. Mwezi Machi Mzee alikwenda msibani Kilwa, siku chache baada ya kufunga viatu vipya. Amri, msimamizi wetu wa manunuzi, akaendesha mwenyewe mpaka kwenye mteremko ambako mashua za Salale hushusha mpunga. Mimi nilikuwa ndani ya mashua, napima. Amri alikumbuka nusu ya somo: breki ya mkono hakuvuta. Gia pia hakuingiza. Na gogo, ndugu zangu, alilitia motoni akachomea kamba aliowanunua kwa wavuvi. Boriti ya mkoko inatoa makaa mazuri, naye hakutaka kuhangaika na kuni.

Pikapu ikaanza kuondoka yenyewe, polepole, ikamkosa kidogo tu Bi Salima na karai lake la maandazi, ikaingia mtoni na magunia yake. Niliposhuka kwenye mashua nililiona lile bati kwenye makaa, limekunjamana. Nilimweleza Bwana Sajjad jioni ile ile.

Kesho yake tangazo likabandikwa ukutani: ajali imesababishwa na breki kufungwa kienyeji nyumbani, na kuanzia sasa ni marufuku. Amri alilisoma pamoja nasi, akachukua daftari lake la manunuzi akaondoka. Mzee aliporudi kutoka msibani alilisoma pia, amesimama, kofia mkononi, kisha akaenda kuosha tope kwenye pikapu iliyoopolewa mtoni. Breki ambayo hakuna aliyeikanyaga wala kuivuta, inashindwaje kushika? Niliuliza hivyo ofisini, nikaambiwa nisikuze mambo. Basi leo nayakuza. Mtu ametufikisha salama miaka yote hiyo, halafu anaondoka na jina lililochafuliwa kwa ajili ya kamba wa kuchoma.

Juzi alikuja na gogo jipya, la mkorosho, amelibeba begani. Madereva wote tulisogea, tukidhani leo atasema. Alimpa Amri mkononi.

"Shika, mwanangu. Hili bichi, moto haulipati. Mpaka likauke, utakuwa umeshajifunza."

Amri alilipokea kwa mikono miwili, akatazama chini. Ningekuwa mimi Mzee, ningemrushia.

Hafla ni Jumamosi, na tangazo bado liko ukutani. Bwana Sajjad nimeshamwambia: nikilikuta limebanduliwa, nitasoma aya mbili za mwanzo na dua ya mwisho, tukae tule pilau. Kwa hiyo ninyi wageni wetu, kama mmesikia habari ya gogo na kamba, geukeni mtazame ukuta ulio nyuma yenu.

Mzee Nassibu, ahsante kwa kutufikisha. Mungu akujaalie siha na Jumapili za kupumzika, na Bi Sikudhani arudishiwe sinia lake. Breki zako zilikuwa nzima.