Barua Tatu Zilizopitia kwa Mratibu

Risala ya wagawaji wa kujitolea wa Kituo cha Msaada cha Mamboleo, Kisumu. Msomaji ni Benta Apiyo, kwa niaba ya wenzake.

Mgeni rasmi, Bi. Hemali, mwenyekiti wa bodi ya Shirika la Kivuli cha Jirani. Bwana mratibu wa kituo chetu. Wazee, akina mama, akina baba, na nyinyi mliosimama ukutani kwa kukosa viti: oyawore, hamjambo nyote.

Karibu nyumbani

Mgeni rasmi, tumesikia wewe ni mzaliwa wa hapahapa, na kwamba babu yako alikuwa na duka karibu na soko la Kibuye. Basi hatutakueleza habari za jua la Kisumu, unalijua. Tunachotaka ni kukuuliza maswali. Sisi ni watu wa kuuliza, na ukituzoea utatusamehe.

Kwanza tuseme ukweli mmoja. Hapa kituoni risala hupelekwa ofisini wiki nzima kabla, isomwe, ipigwe muhuri. Tulipeleka. Ile yenye muhuri ni ya ukurasa mmoja, na inasema shida yetu kubwa ni viti. Si uongo, mnaona wenyewe. Lakini hii ninayoisoma ni nyingine. Bwana mratibu, tuwie radhi kwa kukushtua mbele ya wageni.

Tulikotoka

Ziwa lilipopanda, lilituingilia mpaka jikoni. Tulihama na magodoro kichwani, na shirika lako likatupokea hapa Mamboleo. Tulikuja tukiwa na njaa, na tulipopata nguvu tukaanza kusaidia kugawa. Leo tuko ishirini na sita.

Tunayojivunia

Kila Alhamisi tunagawa unga, maharagwe na mafuta kwa familia mia tatu. Hakuna mtoto aliyewahi kukanyagwa kwenye foleni yetu, na wazee hawasimami.

Tunajivunia pia mafunzo. Mwaka jana mlituletea mkufunzi, Bi. Debra. Kwa siku mbili alitufundisha kwamba msaada ni haki ya mwenye shida, kwamba hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kudai mwili wa mtu ndipo ampe unga, na kwamba ukiona ubaya unaripoti, wala hutaadhibiwa. Alitupa fulana na kalamu. Tulimwamini sana, na kalamu tukazitumia.

Yanayotutatanisha

Mgeni rasmi, swali letu la kwanza ni la fomu. Mwanamume akitaka kadi ya mgao, au kuifanya upya, fomu yake iko ofisini. Mwanamke mwenye mume, fomu yake iko ofisini. Lakini mjane akiuliza, anaambiwa fomu yake iko Migosi, nyumbani kwa mratibu, aifuate Jumapili, na aje peke yake. Tumelizungusha jambo hili kichwani tukashindwa. Ni fomu gani hizo zisizoweza kupanda boda zikaja ofisini?

Mwenzetu Celestine Awuor, mjane mwenye watoto watatu, aliambiwa hivyo alipotaka kuifanya upya kadi yake. Hakwenda. Alikuja kwetu akatueleza, akilia kwa hasira. Tukasema, si tulifundishwa? Tuandike.

Sasa hapa ndipo tulipokosea, na tunakiri wenyewe. Mwandishi wetu ni Mzee Odongo, mwalimu mstaafu. Barua ya Mzee ina anwani mbili, tarehe, kichwa kilichopigwa mstari, na juu kabisa maneno haya: KUPITIA KWA MRATIBU WA KITUO. Caren, mpishi wetu, alimuuliza, "Mzee, si tunamshtaki yeye mwenyewe?" Mzee akakunja uso. "Barua isiyopitia kwa mkubwa ni ya mtu asiye na adabu. Mimi siandikangi hivyo." Tukatia sahihi, maana sote ndivyo tulivyofundishwa shuleni.

Basi malalamiko kuhusu mratibu tukayakabidhi kwa mratibu, mkononi, tena kwa heshima, ayafikishe makao makuu. Tuliandika barua tatu katika miezi miwili. Ya kwanza alituambia mwandiko ni mzuri. Ya pili akasema inashughulikiwa. Baada ya ya tatu, jina la Celestine likatoweka kwenye orodha ya mgao. Tulipouliza kwa nini, tukaambiwa kompyuta imekosea. Tunashangaa kompyuta iliyokosea jina moja tu kati ya mia tatu.

Mzee Odongo yuko hapa, ameniomba niseme kwamba analia moyoni kwa sababu ya ule mstari wake mmoja. Mzee, hatukulaumu.

Jambo la pili ni simu. Ukutani pale ofisini kuna bango lenu, limeandikwa: "Piga bure, siri yako iko salama." Mwezi jana tukiwa kwenye kikao, Caren akasema acha nijaribu, nijue inaendanga wapi. Akapiga. Simu ikalia ndani ya mfuko wa shati la mratibu, wimbo wa kanisani. Akaikata. Caren akapiga tena, aki ya Mungu si kwa ubishi, alitaka tu kuwa na uhakika. Ikalia tena. Kikao kikafungwa kwa maombi, mapema kidogo.

Maombi yetu

Hatujaja kumhukumu mtu kwenye kipaza sauti. Yeye pia asikilizwe, lakini na mtu asiyekula naye meza moja, na wajane wasikilizwe na mwanamke, faraghani, mahali mbali na hapa. Namba ya bango ilie mji mwingine. Fomu zote zitoke Migosi zirudi ofisini.

Zaidi ya yote, Celestine arudishiwe kadi yake kabla ya Alhamisi hii. Ni wiki ya tano sasa. Tumekuwa tukimchangia vikombe vya unga kutoka kwenye mgao wetu, nao unapungua. Tulimuuliza kama tumtaje leo au tumfiche. Akasema, "Semeni jina langu. Aliyenifuta tayari analijua." Tukaogopa, lakini tukakubali. Na wako wengine waliokwenda Migosi. Majina yao hatuyatamki hapa. Wanaotaka kusema wameandika wenyewe, na maneno yao yamo ndani ya bahasha hii.

Kwaheri

Mgeni rasmi, Mungu akulinde barabarani, akupe afya na masikio ya kusikia. Ero kamano, asante kwa kuja.

Sasa Celestine anakuja hapo mbele kukukabidhi risala hii pamoja na bahasha. Ni yule mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Tumezoea kuona mgeni akipokea risala humpa aliyeketi kando yake amshikie. Leo aliyeketi kando yako ni mratibu. Tunakuomba sana, Mama, ishike mwenyewe.

Ni sisi,
Wagawaji wa Kujitolea,
Kituo cha Msaada cha Mamboleo.