Diski Iliyokwama Ndani ya Gari Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na haya masikio yangu, ambayo kwa miaka mingi yalijua kukosoa tu.

Najua mtu akisimama hapa kutoa ushuhuda mnatarajia pombe, au waganga, au nyumba ndogo. Niwieni radhi. Nimekunywa bia mbili maishani mwangu na zote mbili ziliniumiza kichwa. Mimi nilikuwa nimefungwa masikio, na Mungu akanifungua kwa muziki wa metali, ule wa magitaa makali na watu wanaonguruma. Tulieni, tafadhali. Mchungaji ameshausikia ushuhuda huu na ameuruhusu. Aliniomba tu niwe mfupi.

Mnanijua. Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa mwalimu wa kwaya hii. Chuoni nafundisha fasihi, na magazetini naandika makala ambayo mke wangu huyasoma hadi aya ya pili. Kiburi changu kilikaa masikioni. Nilitaka sauti safi, kama mchele uliochambuliwa mawe yote. Mtu akikwaruza noti moja, mimi nilishika shavu kama mwenye jino bovu. Nikadhani hicho ni kipawa!

Mama Akoth mnamjua pia. Anakaanga mgongo wazi kule Obunga, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa. Amekaa kwenye moshi ule tangu watoto wake wakiwa wadogo, na moshi umemwingia kooni ukapata makao. Sauti yake ni nzito, ina kokoto. Kabla ya mashindano ya kwaya nilimwita kando, nikamwambia kwa upole wote wa mtu msomi: "Mama, simama mstari wa nyuma. Fungua mdomo kama wengine, lakini usitoe sauti."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Sawa, Mwalimu."

Na akafanya hivyo, ndugu zangu! Mashindano mawili, mama mzima alisimama mbele ya watu akifungua na kufunga mdomo bila kutoa hata pumzi. Tulipata kikombe. Kisha Jumapili moja nikakuta gauni lake la kwaya kwenye kiti changu, limefuliwa na kukunjwa vizuri. Hakurudi kwaya. Hakurudi kanisani. Mliponiuliza yuko wapi, niliwaambia nasikia amezidiwa na kazi. Huo nao ulikuwa uongo wangu.

Ndipo nikanunua gari lililotumika Japani. Redio yake haikunasa stesheni zetu, na ndani yake mlikuwa na diski imekwama. Ukiwasha injini, nayo inaanza. Kitufe cha kuizima kilikuwa kimekufa. Fundi alichungulia kwa tochi akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii nikiivuta, dashibodi yote inafuata. Wewe zoea tu."

Asubuhi ya kwanza, mtu aliponguruma humo ndani, nilisimamisha gari Nyamasaria, nikaweka mikono juu ya dashibodi, nikakemea pepo. Nilikemea kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Dholuo. Wimbo wa pili ukaanza.

Wakati huo nilikuwa naenda Sondu mara mbili kwa wiki kufundisha, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Wiki ya kwanza nilisikia kelele moja tu, pana kama ukuta. Wiki ya pili ukuta ukaanza kuonyesha matofali: ngoma huku, gitaa kule, na gitaa jingine likizungumza na la kwanza. Wiki ya tatu niligundua kwamba yule mngurumaji anavuta pumzi, anasubiri zamu yake, na hakosei hata mara moja. Jina la albamu ile silijui hadi leo, maana kioo cha redio huliandika kwa Kijapani. Lakini nyimbo zake tisa nazijua kwa mpangilio wake, na msipoangalia mtanisikia nikiziimba chini kwa chini kwenye mikutano ya kamati.

Wimbo wa tano ndio ulionikamata. Unaanza na dada mmoja anayeimba peke yake, sauti safi kabisa, ya kupendwa na mtu kama mimi. Siku moja, nikikaribia Katito, nilijikuta namngojea mngurumaji aingie. Mimi! Bila yeye wimbo ulikuwa unaning'inia hewani. Alipoingia kwa chini, yule dada akapata sakafu ya kusimamia. Yule mwenye kokoto hakuwa anauharibu wimbo. Ndiye aliyeubeba.

Niliegesha gari kando ya barabara, nikakaa. Nikakumbuka kwamba tangu Mama Akoth aondoke, ninyi hapa mmekuwa mkitusikiliza mmeketi. Zamani mlikuwa mnasimama.

Siku iliyofuata nilikwenda Obunga. Alikuwa kwenye karai lake la mafuta.

"Mwalimu, umekuja kununua ama umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Mama."

"Basi ngoja nigeuze hii kwanza. Msamaha haiungui."

Nilisema yote. Aliendelea kugeuza mifupa yake. Maneno yaliponiishia, nilimwomba aje ndani ya gari asikilize wimbo wa tano. Akafuta mikono, akaketi. Mngurumaji alipoingia, akashtuka.

"Nyasaye! Mungu wangu, huyu ni mgonjwa?"

"Anaimba, Mama."

"Na wamemwacha aimbe?"

"Wamemwacha. Ndiye anawaongoza."

Alisikiliza hadi mwisho, kidevu kimeinama. Akasema, "Basi yeye alipata mwalimu mzuri."

Ndugu zangu, maprofesa wamechana maandishi yangu mara nyingi, lakini hakuna aliyenikata hivyo. Nilimsihi arudi. Akajibu bila kupandisha sauti: "Uliniambia kando, watu wakafikiri nimeacha Mungu. Sasa useme mbele yao. Nitakuja nisikie. Kurudi, hiyo nitaamua mwenyewe."

Basi nimesema. Mama, nilikunyamazisha, na sauti yako ndiyo iliyokuwa ikitubeba. Nisamehe. Mama Akoth ameketi pale karibu na mlango, na sijui ameamua nini.

Namshukuru Mungu kwa masikio haya mapya. Nawe ndugu, ukiwa umefungwa na kitu unachokiita kipawa, mtegemee Bwana. Kama alinifikia mimi kwa mngurumaji wa Japani, hatakosa njia ya kufika kwako.

Kwaya, simameni. Leo sitachagua sauti. Mstari wa mbele, songeni kidogo, acheni nafasi ya mtu mmoja katikati. Hatutaanza bado. Tutangoja.