Mlango wa Nyuma Aaga kwa Karatasi Nyekundu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkaguzi Mkuu wa Idara yetu ya Usalama wa Chakula alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 ya mwezi uliopita. Jumatatu iliyofuata, kanuni mpya za usalama wa chakula zikaanza kutumika. Waliopanga tarehe hizo wanasema zimekutana kwa bahati tu. Waliofanya naye kazi wanaikumbuka ile methali ya paka na panya.

Majikoni na mabuchani hakujulikana kwa jina wala kwa cheo. Aliitwa Mlango wa Nyuma, kwa sababu huko ndiko alikopitia. Mlango wa mbele, alisema, umejengwa kwa ajili ya wateja na waongo: mbele utaonyeshwa kitambaa cha meza, nyuma utaiona ndoo. Yeye alianza na ndoo. Alikuwa na ulimi mkali, hakupenda kubishiwa, na hakuna mkaguzi aliyepitia mikononi mwake asiyewahi kulia chooni angalau mara moja. Walioacha kazi hatuwahesabu. Waliobaki ndio wakaguzi bora tulio nao.

Aliletwa kwetu akiwa mbichi kutoka chuoni, na shahada yake, akapangiwa soko la nyama ili akome. Siku ya kwanza muuza nyama mmoja mwenye mvi alimpokea kwa upole mwingi: “Mwanangu, nyama hii ni ya leo.” Akajibu: “Leo ya lini, mzee wangu?” Soko zima likacheka, mzee akiwemo. Tangu siku hiyo, mtu yeyote ofisini akidai kazi yake itakamilika leo, huulizwa leo ya lini.

Wenye friza aliwapima kwa kikombe. Aligandisha maji nyumbani kwake, akaweka sarafu juu ya barafu, akakificha kikombe nyuma ya nyama jioni na kukifuata asubuhi. Sarafu ikiwa juu, friza ililala macho. Ikiwa imezama, barafu iliyeyuka usiku, na nyama nayo iliyeyuka, hata kama asubuhi kila kitu ni kigumu kama jiwe na mwenye duka anaapa kwa mama yake. Kuna wenye maduka waliojaribu kumtafutia dawa. Mmoja aliibandika sarafu kwa gundi. Mlango wa Nyuma aliuliza tu kama gundi hiyo imeruhusiwa kwenye chakula, kisha akafunga duka.

Alikosea pia, na hatutalificha. Aliwahi kumfungia mwoka mikate wa mtaa mzima asubuhi moja, akishikilia kwamba punje nyeusi zilizotapakaa juu ya mikate ni mavi ya panya. Maabara ikasema ni mbegu za habasoda. Alirudi siku hiyohiyo, safari hii kwa mlango wa mbele, akamwomba radhi mwoka mikate mbele ya wateja, akanunua mkate na kuula pale pale amesimama. Kesho yake akaiandikia Idara kuomba mfanyabiashara aliyefungiwa apewe haki ya kukata rufaa na kusikilizwa ndani ya siku moja. Ombi hilo lilikaa kabatini hadi mwaka huu.

Mwaka huu limetolewa. Wenye kuandika kanuni mpya wamelitaja kwa heshima kubwa, wakachukua neno “haki” na kuacha mengine. Sasa mkaguzi atatoa taarifa siku saba kabla ya kufika. Atapitia mlango wa mbele. Mwenye jiko atajikagua mwenyewe na kujipa nyota za kubandika dirishani. Hakuna atakayefunga jiko papo hapo. Jambo litapelekwa kwenye kamati, ambayo itaandika maonyo, ikipata akidi. Mkaguzi mwenyewe haitwi tena mkaguzi, ni mshauri wa uzingatiaji. Haya yote yanaitwa mazingira rafiki kwa biashara. Bakteria nao ni marafiki wa biashara, na siku saba kwao ni umri wa vizazi vingi, lakini hawakualikwa kwenye semina.

Mstaafu wetu alialikwa. Alisikiliza hadi mwisho, akainua mkono na kuuliza kama mwizi naye ataandikiwa barua kabla polisi hawajafika. Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake, wakaenda chai.

Jambo moja tu hakuligusa miaka yote: kantini yetu wenyewe, iliyo ghorofa ya chini ya jengo hili. Anayeiendesha ni wifi yake, mke wa kaka yake. Watoto watatu wamesomeshwa na jiko lile, na wote humwita mstaafu wetu shangazi. Kwa kukwepa lawama aliomba asipangiwe kuikagua, na kazi akapewa mwenzake, ambaye kila mwaka aliikamilisha akiwa ameketi mezani, kijiko mkononi. Ripoti zake zilisifia mchuzi.

Wiki ya mwisho ya utumishi wake, siku moja baada ya chakula cha mchana, matumbo yaliwashika wahasibu karibu wote. Utawala ulitoa tangazo kwamba chanzo ni mabadiliko ya hali ya hewa. Idara ya Usalama wa Chakula, yenye maabara ghorofa ya pili, ikawashauri wafanyakazi wavae sweta.

Alhamisi jioni Mlango wa Nyuma alishuka na kikombe chake. Ijumaa asubuhi, siku ya sherehe yake, alipita kwenye mapipa ya taka na kuingia jikoni. Mapochopocho ya kumuagia yalikuwa tayari mezani, nyama ikiwa kwenye beseni, na wifi yake amefunga kanga kiunoni.

“Wifi, leo umekuja kula au kunila?”

“Nimefuata kikombe changu.”

Sarafu ilikuwa chini kabisa, juu yake utando mwembamba wa barafu mpya. Habari kamili ikajulikana hapo hapo. Tangu mwaka jana, kwa waraka wa kubana matumizi uliosainiwa na Mkurugenzi, mlinzi alikuwa akizima umeme wa ghorofa ya chini kila jioni na kuuwasha asubuhi. Friza ni kuukuu, mpira wa mlango wake umelegea. Idara inayofundisha mji mzima kuhifadhi nyama ilikuwa ikiizimia nyama yake umeme kwa waraka.

“Nilisema!” wifi alifoka. “Nilipanda mpaka utawala. Nikaambiwa nyama ni barafu, haina haraka.”

“Ulisema. Halafu ukapika.”

“Ningefanyaje? Ningefunga, wanao wale nini?”

“Watakula kwangu mpaka ufungue.”

Wapishi wawili waliokuwepo wanasema wifi aliifungua kanga yake kiunoni, akaifunga upya. Kisha wifi akasema taratibu, “Miaka yote hukuniona. Leo unaondoka, ndiyo unaniona?”

“Hapo umenipata,” alijibu mstaafu wetu. Akatoa karatasi nyekundu ya kufungia jiko, akaiandika akiwa amesimama, akaibandika mlangoni. Ilikuwa ya mwisho katika maisha yake ya kazi, na ya mwisho ambayo mkaguzi yeyote wa nchi hii angeweza kubandika kwa mkono wake mwenyewe.

Mkurugenzi aliteremka haraka kuliko siku aliyosikia kengele ya moto.

“Mama, sherehe ni saa tisa! Wageni wamealikwa. Si ungengoja Jumatatu?”

“Jumatatu mimi ni mwananchi, na wewe una kamati.”

“Sasa watu watakula nini?”

“Mayai ya kuchemsha. Kila mtu amenye lake.”

Ndivyo ilivyokuwa. Alichemsha mayai mwenyewe, kwenye jiko la umeme la maabara, ndani ya sufuria mpya yenye karatasi ya bei bado chini. Kukawa na mayai, ndizi zenye maganda na soda zilizofungwa. Mkurugenzi alihutubia kirefu kuhusu mazingira rafiki kwa biashara, huku ukumbi mzima ukigonga mayai kwenye meza. Katikati ya hotuba mlango wa nyuma wa ukumbi ulifunguka, akaingia yule mwoka mikate, sasa mzee, na trei ya mikate iliyojaa habasoda. Alimwekea mstaafu mbele yake na kumwambia achunguze vizuri. Hiyo ndiyo hotuba iliyopigiwa makofi.

Wifi alifika mwishoni, akakaa kiti cha nyuma. Hakula yai. Wakati wa kutoka alisimama mbele ya mstaafu.

“Shangazi yao,” alisema, “friza ikigandisha, tutaongea.”

Karatasi nyekundu iliagiza kantini isifunguliwe mpaka sarafu ikae juu usiku tatu mfululizo. Jumatatu ilipofika, wakaguzi walikuwa wamekwisha kuwa washauri, hawana mamlaka ya kubandika wala kubandua. Kamati yenye mamlaka hayo haikuwa imeteuliwa. Kwa hiyo kanuni mpya za kurahisisha biashara zilianza kwa kuacha biashara moja imefungwa bila mtu wa kuifungua, ndani ya jengo lilelile zilimoandikwa.

Njaa ikafanya kazi ambayo semina haikuweza. Mkurugenzi, aliyekula biskuti siku nzima ya Jumatatu, alimwita fundi umeme Jumanne, na friza ikapata waya wake usiozimwa. Mpira wa mlango ukabadilishwa. Waraka wa kubana matumizi ukafutwa na aliyeusaini, akijipongeza kwa wepesi wake. Wifi aligandisha maji nyumbani katika kikombe kilekile kilichoachwa jikoni, akaweka sarafu, na kila asubuhi akawaita wapishi washuhudie kabla yeye mwenyewe hajatazama. Siku tatu hizo wanawe walikula kwa shangazi yao. Tunasikia alikagua mikono yao mlangoni.

Asubuhi ya tatu wifi aliibandua karatasi mwenyewe. Washauri walishtuka, wakafungua kanuni, wakakuta yuko sahihi: siku hizi mwenye jiko hujikagua. Mpaka sasa ndiye pekee tunayejua amejikagua kweli, na sababu yake si kanuni. Kila mlango wa nyuma unapofunguka, hugeuka.

Mama, tunakushukuru kwa matumbo ambayo hayakuuma, ambayo kwa kawaida hakuna anayeyashukuru. Umetuachia wakaguzi wanaojua kunusa na kanuni inayowakataza. Pumzika, ule vizuri, ukae na wajukuu, na Mungu akuongezee afya uliyotulindia sisi. Wahasibu wanakusalimu kwa namna ya pekee.

Wifi yako ametuagiza tuandike kwamba hahitaji taarifa ya siku saba, kwamba bawaba za mlango wa nyuma zimetiwa mafuta zisilie, na kwamba kikombe ni chako lakini hakirudishi, ukifuate mwenyewe. Tulikwenda kukitazama leo asubuhi kabla ya kupeleka jarida hili mitamboni. Sarafu iko juu.