Andiko la Kumi na Tisa

Benchi la mbele ya duka la Fakihi, pale Mbamba Bay, limetoboa suruali za watu wengi, na asubuhi ile ya mwaka tisini na sita lilikuwa na wenyewe. Fakihi alikuwa na birika lake la kahawa. Kando yake Zabron, mwalimu aliyepunguzwa kazini, ambaye kijiwe kimempa uprofesa bila chuo. Kisha Methodi muuza mitumba, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki. Mwisho wa benchi alikaa Othmar, asiye na jina la utani, maana tangu boti ya gulioni izame na mwanawe Dastan ndani, miaka mitatu sasa, nani angethubutu kumtania? Profesa alikuwa na bahasha mkononi. Yule mtafiti wa chuo aliyekuja baada ya msiba kuwahoji waliofiwa alikuwa amewakumbuka. Ametuma barua ya shukrani na orodha ya maandiko yake yote.

Othmar aliisubiri barua ile kwa miaka miwili. Mtafiti alisema wakionekana wameumia, ataletwa mtaalamu wa kuwatibu majonzi. Na nyumbani kwa Othmar kuna Emiliana, mkewe, anayeshinda mkekani akitazama ukuta.

— Thelathini na moja! Profesa alimaliza kuhesabu. Bwana huyu kaandika mara thelathini na moja! Malaria na hofu, pombe na ndoa, wajawazito...

— Mimi barua moja tu ya mkwe inanitoa jasho, alisema Fakihi.

— Ni cheo anatafuta, alisema Profesa. Chuoni usipoandika unazeekea palepale.

— Cheo gani! Redio alidakia. Hili soko huria, bwana. Anauza! Mzungu akikosa usingizi anasomewa habari zetu, analala fofofo.

— Acha hizo! alisema Fakihi.

— Haki ya Mungu! Kesho vitashushwa vidonge hapa gatini, usingizi wa Nyasa ndani ya kichupa, na tutavinunua wenyewe.

Wakacheka. Othmar hakucheka.

— Letu limo? aliuliza.

Profesa alishusha kidole taratibu.

— La kumi na tisa. Utulivu wa akili kwa waliofiwa, kijiji cha ziwani. Barua inaeleza. Tulihojiwa mia na arobaini. Mia na thelathini na watano tukasema tunalala vizuri, tunakula, hatujambo. Anasema tumemshangaza kwa ujasiri.

— Na mtaalamu?

Profesa alivua miwani.

— Kapelekwa mkoa mwingine, Othmar. Kwa watu wenye shida zaidi.

Hapo kijiwe kikachafuka.

— Karatasi za majibu yetu zilibadilishwa njiani! alifoka Redio.

— Au zilivuka ziwa, alisema Fakihi. Hizo ni za Wamalawi.

Othmar alijua hazikuvuka popote. Aliyakumbuka yote. Mtafiti aliingia uani, akavua kofia, akaamkia vizuri, na vumbi la barabara nzima ya Mbinga miguuni. Sasa mgeni wa namna hiyo, hata uji hajanywa, utamwambiaje kwamba nyumba yako imekwisha? Ndivyo tulivyolelewa: hata msibani ukiulizwa habari, unajibu nzuri kwanza, ndipo unautaja msiba. Mtafiti alisikia ile nzuri, akaiandika, akafunua ukurasa. Hakungoja neno la pili.

“Unalala vizuri, mzee?” “Tunamshukuru Mungu.” “Na mama?” “Mama hajambo.” Na Emiliana alikuwa nyuma ya pazia, macho yamemvimba kwa kulia. Othmar aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama barazani na sanduku lake. Alikuwa Violet, muuguzi mgeni, akingojea lori la kumpeleka kituo chake kipya Tingi.

— Shikamooni. Wazee wangu, samahani, nimesikia. Hao watano waliosema hawalali, ni nani kati yenu?

Fakihi aligeukia birika lake. Alikuwa amemzika dada yake aliyezama na boti ileile. Redio alizika watoto wawili, na sasa alikuwa ameinamia ndala zake.

— Si mimi, alisema Othmar. Mimi nilisema tunalala. Na mke wangu nikamsemea kwamba hajambo, hali ananisikia.

Akainuka benchini.

— Mwanangu, kama kuna karatasi nyingine, andika kwamba Emiliana anaumwa. Andika nilidanganya.

— Sina karatasi, baba. Nyumbani ni wapi?

— Karibu tu, nyuma ya kanisa.

Lori la Tingi likapiga honi. Violet akamkabidhi Fakihi sanduku amtunzie, akashika njia ya kanisani. Othmar alikwisha kutangulia, akitembea upesi, bila kuaga mtu.