Nilihesabu Nane

Kabla sijaanza, nawaomba jambo moja dogo. Ndugu yangu uliye karibu na mlango, tafadhali uwekee jiwe usijifunge. Upepo wa hapa Ruiru hauna adabu, na huo mlango wa mabati ukijibamiza, mimi nitakuwa chini ya hii meza kabla hamjasema amina. Mnacheka. Chekeni tu, siku hizi hata mimi najicheka. Lakini mlango muuache wazi.

Na mkiwa na swali, niulizeni kutoka upande huu wa kulia. Sikio la kushoto lilibaki timboni.

Ndugu zangu, nimekaa na kikundi hiki mikutano mingi bila kufungua mdomo. Nyinyi mmesimama mmoja mmoja mkaeleza vile mashine ilikula mkono, vile mlianguka kutoka ghorofa mkijenga. Mimi nilikuwa nakunywa chai yenu na kunyamaza. Mlidhani mimi ni mpole. Upole gani? Nilikuwa naogopa.

Wacha niwaeleze kazi yangu kwanza. Nilikuwa kwa timbo moja huko mbele ya Juja, mahali wanapasua mawe ya kokoto. Fundi wa baruti anatoboa mashimo kwenye mwamba, anajaza, anaweka utambi, anawasha, sote tunakimbia. Mashimo hayalipuki pamoja, yanafuatana, moja baada ya lingine. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya ukuta wa mawe na kuhesabu. Mashimo yakiwa tisa, nisikie milio tisa. Nikisikia tisa napuliza filimbi, watu wanashuka na nyundo zao. Nikisikia nane, sipulizi. Timbo linafungwa mpaka kesho na hakuna mtu kukanyaga pale, kwa sababu kuna shimo moja bado lina baruti, na hakuna ajuaye litalipuka saa ngapi. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote. Hata mtoto wa nasari angeiweza.

Siku hiyo mashimo yalikuwa tisa. Mvua ilikuwa imetufungia kazi siku mbili na watu walikuwa wamechoka kukaa bure. Malori yalikuwa yamepanga laini tangu asubuhi, madereva wanapiga honi. Fundi akawasha. Nikahesabu kwa vidole kama kawaida yangu, moja, mbili, tatu, mpaka wa nane ukalia. Nikangoja. Nikangoja tena. Kidole cha tisa kilikuwa kimekunjwa hapa, hivi, mnakiona? Dereva mmoja akapiga kelele, "Wee mzee, umelala? Piga hiyo kitu twende!"

Nikajiambia, miwili imelia pamoja. Na hutokea, si uongo, hutokea. Lakini moyo wangu ulijua. Nikakinyoosha hicho kidole na nikapuliza filimbi.

Wa kwanza kushuka alikuwa rafiki yangu. Jina sitataja. Tulitahiriwa msimu mmoja, na kwetu watu wa rika moja huitana wakini. Mimi ndiye nilimtafutia hiyo kazi. Alipita karibu nami akanigonga bega, akasema, "Wakini, leo tunamaliza mapema." Nikamfuata nyuma, hatua kumi hivi. Akainua nyundo.

Hiyo sehemu sitaieleza. Nitasema tu kwamba nilimbeba mgongoni mpaka juu, na kwamba tangu siku hiyo haoni. Macho yote mawili.

Msimamizi aliniuliza, "Ulisikia ngapi?" Nikasema tisa. Akaandika tisa. Watu wakasema utambi ulikuwa mbovu. Kule hospitali nikawa shujaa, eti nimembeba mwenzangu na mimi mwenyewe natoka damu sikioni. Mama yake alinishika mikono yote miwili akaniombea baraka. Aki ya Mungu, nilitamani kuikata hiyo mikono.

Hapo ndipo woga uliponiingia, na niwaambie, woga hauji wote siku moja. Ulianza na sauti. Tairi lilipasuka pale Thika karibu na soko, nikajikuta nimelala chini ya meza ya mama wa ndizi, nimemshika miguu. Alinichapa na kandambili akidhani mimi ni mwizi. Halafu ukaingia kwa hesabu. Mama watoto ananituma mayai dukani, huko kwetu Mwiki, mwenye duka anaanza kuhesabu kwa sauti, akifika saba natokwa na jasho, akisema nane natoka mbio na mayai nimeyaacha. Niliacha kwenda timboni. Nikawa mtu wa kukaa nyumbani nikiangalia ukuta.

Lakini kilichoniogopesha kuliko baruti ilikuwa simu. Kila Jumapili, watu wakitoka kanisa, rafiki yangu alikuwa ananipigia. "Wakini, uko aje? Utakuja lini tukae?" Sauti nzuri, haina neno. Nasema nitakuja. Siendi. Ikawa Jumapili ikifika saa saba natoka nje kabla simu haijalia. Nikaanza kuificha simu kwa ndoo ya unga. Mama watoto akaipata, akaniuliza kama nina mwanamke wa pembeni. Ngai! Ingekuwa mwanamke, ningeungama siku hiyo hiyo nikalala.

Nilikuwa naogopa nini? Kila kitu. Kwamba atajua. Kwamba nitafungwa. Kwamba watoto wangu wataitwa watoto wa yule aliyepofusha mtu. Na zaidi ya yote, niliogopa kusikia vile sauti yake itabadilika akishajua.

Sasa, kuna dada mmoja wetu hapa, simwonyeshi kidole. Siku moja alisimama akasema mashine ilimchoma kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyeondoa kifuniko chake, alitaka kazi iende haraka. Alisema tu hivyo, "Ni mimi niliondoa." Akakaa, akachukua kikombe chake. Mimi nilikuwa pale karibu na mlango, nikingoja mumfukuze. Hakuna aliyemfukuza. Mmoja alimwuliza kama chai imepoa, amwongezee ya moto. Nilirudi Mwiki kwa miguu siku hiyo, nikilia barabarani mchana kweupe, mzee mzima.

Jumapili iliyofuata sikungoja simu. Nilienda Thika.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, bibi yake anachambua mchele. Alinijua kwa hatua zangu. "Wakini! Leo umekumbuka njia?" Sikukaa, hata salamu sikumaliza. Nilisema, "Nilihesabu nane." Bibi yake akaacha mchele.

Akanigeuzia uso, akasema, "Najua. Mimi pia nilihesabu nane."

Ndugu zangu, kumbe kila mtu aliye timboni huhesabu, hata kama si kazi yake. Alihesabu nane, akasikia filimbi yangu, akajiambia, wakini wangu ndiye mwenye kazi, amesikia tisa, mimi nimekosea. Akashuka kwa sababu ni mimi niliyepuliza.

Nikamwuliza mbona hakuwahi kusema. Akasema, "Nilikuwa nakupigia simu kila Jumapili. Nilikuwa nangoja useme wewe." Halafu ile sauti niliyoiogopa ikaja. Alinigombeza vile sijawahi kugombezwa na mtu. Alisema hajawahi kuona uso wa kitinda mimba wake, na hatauona. Bibi yake aliingia ndani akafunga mlango. Mimi nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho, kwa sikio hili moja. Na unajua, sikufa.

Alipomaliza akaniuliza, "Pale timboni, nani anahesabu sasa?" Nikasema kuna kijana mwingine. "Na malori bado yanapiga honi?" Nikasema yatakosaje. Akasema, "Basi utanipeleka, ukamwambie huyo kijana ulivyoniambia mimi."

Tulienda wiki hiyo. Nilianza na msimamizi, nikamwambia ile tisa aifute, aandike nane, na mimi ndiye niliyempa uongo. Ameandika. Kitakachofuata sijakijua bado, na sitawadanganya, nakiogopa. Halafu nikawaeleza wafanyakazi wote, wamesimama na nyundo, na hakuna aliyepiga honi.

Siku hiyo mashimo yalikuwa kumi. Tulisimama nyuma ya ule ukuta, rafiki yangu amenishika mkono wa shati. Fundi akawasha. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, nimefumba macho. Nilifika nane nikakwama. Yeye akanibana mkono akasema, "Tisa." Tukangoja. Tukasema pamoja, "Kumi."

Siku hizi pale wanahesabu watu wawili, kwa sauti, na wasipopatana filimbi hailii. Hilo ni yeye aliyelidai.

Sitaki kuwadanganya kwamba amenisamehe. Ananipigia bado Jumapili, nami napokea. Siku nyingine tunaongea vizuri, siku nyingine ananikasirikia, na nimejifunza kuyapokea yote mawili.

Ninawashukuru nyinyi. Dada wa kifuniko, Mungu akuweke, hukujua ulikuwa unaniokoa. Mama watoto asante, na pole kwa unga. Na nikiwa na kitu cha kuwaachia ni hiki: usingoje woga uishe ndipo useme ukweli. Mimi niliungoja uishe, na ulikuwa unaongezeka tu. Nimesema nikiogopa, na hapa nilipo naogopa.

Haya, nimemaliza. Ndugu yangu wa mlangoni, hilo jiwe sasa unaweza kulitoa. Mlango ukijibamiza nitaruka, mtacheka, halafu nitarudi kukaa. Na huyo uliyekaa naye hapo, mwenye miwani myeusi, mshike mkono umlete hapa mbele. Amesema leo anataka kuongea yeye mwenyewe, na sijui atasema nini.